Radi, Mama na Watu wa Ukutani

Mimi nawajua miungu wa radi kuliko mtu yeyote unayemjua, na sijasoma kitabu hata kimoja kuwahusu. Naanza na hilo ili wenye digrii wajue mapema wamekaa mbele ya nani. Shule niliiacha darasa la saba, muhula wa pili, siku ya Jumanne. Kila nilicho nacho leo, kuanzia nyumba yangu ya Buruburu yenye geti linalofunguka bila kukwaruza, hadi meno mawili ya mbele ambayo sikuzaliwa nayo lakini ni yangu kwa kuyanunua, nimekipata kwa mdomo huu mmoja.

Kazi yangu ni kutafsiri filamu, na mtaani wananiita Dijei. Nina chumba cha video pale Kaloleni, mawe upande mmoja na mabati pande tatu. Ndani kuna mabenchi, ukuta uliopakwa rangi nyeupe, projekta, spika mbili kubwa kama kabati za nguo, na mimi pembeni juu ya kiti kirefu, maiki mkononi. Filamu inaonyeshwa ukutani kwa lugha yake, iwe ya Wahindi, ya Wachina, ya Wanaijeria au ya Wazungu, nami nawaambia watu kinachosemwa. Lugha hizo sizijui. Hilo halijawahi kunizuia. Mtu akifungua mdomo pale ukutani, mimi namjazia maneno, na nikishamjazia, basi hayo ndiyo aliyosema. Kuna watu wazima hapa mtaani, wenye watoto wao, waliokua wakiamini kwamba mfalme wa China anaongea kama mtu wa mtaa wa Makongeni.

Sasa, ukifanya kazi hii miaka ishirini na ushee utakutana na miungu wa kila aina, na wa radi ndio wengi kupita wote. Wenye kutengeneza filamu wanawapenda kwa sababu hawahitaji kuelezwa. Wingu, mwanga, kishindo, halafu anatokea jamaa mwenye kifua wazi na hasira za kukosa chakula cha mchana.

Kuna yule wa Wazungu wa kaskazini, mwenye nyundo, na nywele za dhahabu zilizooshwa vizuri kuliko za bibi harusi. Siku hizi huyo ndiye aliyefanikiwa. Yuko kwenye mabegi ya shule, yuko kwenye fulana za soko la Gikomba, yuko kwenye ubavu wa matatu zinazopita Jogoo Road, amechorwa na kijana ambaye barafu ameiona kwenye friji tu. Kuna wa Wagiriki, mzee wa ndevu anayekaa mlimani akirusha radi chini jinsi mwenye nyumba anavyorusha nje vyombo vya mpangaji. Huyo muda wake mwingi anaumaliza akifukuzana na wanawake, mara amejigeuza ng'ombe, mara ndege. Nilipomtafsiri mara ya kwanza, akina mama wa soko walicheka mpaka wakashikana, wakasema wanamjua, ni mwenyekiti wa kamati yao. Wa Wahindi anapanda tembo mweupe, na mkononi ana chuma kifupi ambacho ukikiangalia vizuri ni spana. Wa Wachina ana mdomo wa ndege na mabawa, nyundo mkono huu na patasi mkono huu. Wa Wajapani amezungukwa na ngoma mgongoni kote. Na wa Wayoruba, mheshimu huyo, alikuwa mfalme kabla hajawa mungu. Anavaa nyekundu, ana shoka la makali mawili na wake watatu, na kwa filamu nilizoziona, hao wake watatu ndio radi yenyewe.

Nyundo, spana, patasi, shoka, ngoma. Umeona? Miungu wa radi wote ni mafundi. Dunia nzima imezunguka, kila kabila limeketi peke yake likafikiria ni nani anayeweza kutikisa mbingu, na hakuna hata moja lililofikiria mtu mwenye kalamu. Nilimwambia hivyo mwalimu mmoja mstaafu aliyekuja kulalamika kwamba nawaharibia vijana Kiswahili. Aliinua mwavuli wake akaenda zake. Mimi sikumsindikiza.

Usidhani sisi wenyewe hatuna wa kwetu. Jirani yangu Mluhya alinieleza, bila kucheka, kwamba radi ni jogoo mwekundu mkubwa aliye mawinguni. Akipiga mabawa unaona mwanga, akiwika unasikia ngurumo. Mkikuyu anayeniuzia mafuta ya jenereta akasema hapana, ni Mungu anatembea, na ule mlio ni viungo vyake vinalia, na ukiusikia usiangalie juu, si adabu kumwangalia mkubwa akijinyoosha. Na mzee wa chai anayekaa mlangoni pangu, Mswahili ambaye baba yake alikuja kutoka pwani kufanya kazi ya reli, yeye anasema hakuna jogoo wala viungo. Kuna malaika anayeyachunga mawingu kama ng'ombe. Ikinguruma, mzee anaweka birika chini, anasoma maneno yake polepole, kisha anaendelea kumimina pale alipoachia.

Kwa mama yangu hakukuwa na maelezo. Kulikuwa na sheria. Mama ni Mkamba wa kanisa, aliletwa Kaloleni akiwa bibi harusi na baba, mchongaji wa vinyago, na nyumba yao ya kaunsili ya jiji hajaihama hadi leo. Wingu likikaza, kioo kinafunikwa leso. Televisheni inazimwa na waya unatolewa ukutani. Sufuria zilizoanikwa nje zinaingizwa. Aliyevaa nyekundu anaivua, awe nani. Halafu wote tunakaa vitandani, miguu juu, na hakuna kufungua mdomo. Siyo kunong'ona, siyo kucheka, siyo kuomba chumvi. "Mwenyewe anaongea," mama alikuwa akisema, na hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yote. Mimi, mtoto mwenye mdomo huu uliokuja kujenga Buruburu, nilikaa pale nimeufunga mpaka taya zikaniuma.

Ilikuwa siku moja ya mvua kama hizo nilipomwambia naacha shule. Mwenye chumba cha video cha wakati huo alikuwa amenisikia nikiwaeleza wenzangu filamu nje, akaona watu wananisikiliza mimi kuliko filamu yake, akaniambia niingie nifanyie ndani. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa jikoni anasonga ugali. Hakunipiga, na hilo lilinitisha. Alikuja mpaka mlangoni na mwiko mkononi, akaniangalia kama mtu anayepima kitambaa, akasema:

"Sawa. Enda ukaishi na hao watu wa ukutani. Wakikupikia, uniite nije nionje."

Akafunga mlango. Taratibu, bila kuubamiza.

Tulikuja kupatana, bila shaka. Mimi si mtu wa kumtupa mama. Kila Jumamosi nampelekea unga, sukari, na habari za wajukuu. Tunaongea mambo ya kanisa, ya magoti yake, ya bei ya nyanya. Kuhusu kazi yangu, miaka yote hiyo, kimya. Nikianza tu kusema, "Juzi kwa video watu walijaa..." anauliza kama gesi ya kwangu imefika. Nikamwambia ahamie Buruburu, akasema Buruburu ni mbali na kanisa lake. Chumba changu kiko dakika sita kutoka mlangoni kwake kwa miguu yake mibovu. Hajawahi kukanyaga.

Nitasema wazi, maana sina aibu ya kitu nilichokitolea jasho. Mtaa mzima umenisikia. Watu wametoka sokoni Muthurwa na mizigo yao kichwani wakasimama dirishani kunisikiliza. Nimerekodi filamu zikasafiri kwenye flashi mpaka miji ambayo mimi mwenyewe sijafika. Mtu mmoja tu nilitaka anisikie nikifanya kazi, na mtu huyo alikuwa ameketi dakika sita kutoka pale akifuma kitambaa cha kochi. Nilikuwa nimejiapia sitamwomba. Yeye ndiye aliyefunga mlango. Mwenye kufunga ndiye mwenye kufungua. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu, na darasa la saba nililoacha lilinitosha kuifanya.

Sasa kuna filamu moja. Jina lake sijawahi kuweza kulisoma, maandishi yake yanafanana na uzio uliobomoka. Inahusu kijana mmoja, mtoto wa ukoo wa miungu wa radi, anayeiba ngoma ya babu yake na kushuka duniani kuishi na watu. Ni filamu ya zamani, mawingu yake ni pamba na unaona kabisa kamba iliyomshikilia yule kijana akiruka. Lakini hakuna filamu hapa mtaani inayopendwa kama hiyo, na si kwa ajili ya kamba. Ni kwa sababu yangu.

Kuna mahali, kijana ameshafika kwenye lango la mawingu na ngoma yake mgongoni, mama yake anatoka. Malkia mzima, taji na kila kitu. Anaongea maneno mengi, midomo inatembea karibu dakika nzima. Mara ya kwanza kuitafsiri nilikuwa kijana bado, nikafika hapo nikakosa cha kusema, na malkia yuko ukutani anafungua na kufunga mdomo kama samaki. Yakanitoka tu. Nikabana pua kidogo, nikapandisha sauti, nikasema, "Sawa. Enda ukaishi na hao watu wa chini. Wakikupikia, uniite nije nionje."

Chumba kililipuka. Tangu siku hiyo, filamu hiyo ikifika langoni mimi nanyamaza kidogo tu, na watu wanaimaliza wenyewe, wote, kwa ile sauti ya puani. Wamewahi kuisema harusini. Makondakta wanamwambia abiria anayeshuka kwa hasira. Na si filamu hiyo tu. Kila malkia, kila mama wa shujaa, kila bibi wa mungu yeyote aliyewahi kupita kwenye ukuta wangu, ameongea kwa sauti hiyo hiyo. Mama wa yule wa nyundo. Mke mkubwa wa yule wa ndevu. Wote wametoka Kaloleni, wote wana mwiko.

Siku moja alikuja fundi mgeni kutoka kwenye kazi ya kujenga barabara, mtu mpole, akakaa nyuma. Kumbe lugha ya filamu ile ni ya kwao. Ilipoisha alinifuata, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokota kwamba nimekosea. Yule mama hamfukuzi mtoto. Anambembeleza asiende.

Nikamwambia, "Ndugu yangu, labda mama wa kwenu. Wa Kaloleni hawabembelezi." Akacheka, tukapeana mikono. Kesho yake nikaendelea na tafsiri yangu, maana ndiyo sahihi.

Basi ikafika Jumapili moja ya mvua za masika, mwaka jana. Saa tisa alasiri. Nimejaza. Mabenchi yote, ngazi ya mlangoni, hata wale wa kusimama. Watu wameomba filamu ya ngoma, nikaiweka kama mtu anayewafanyia hisani. Tulikuwa nusu ya safari mvua ilipoanza. Si mvua ya kunyunyiza. Mvua ya mabati, ile inayokufanya upandishe spika mpaka mwisho. Halafu ngurumo, kwa mbali, upande wa Embakasi, kisha karibu, kisha karibu zaidi. Watu wakafurahi. Wakaona ni mimi nimeileta. Kondakta mmoja aliyekuwa na siku yake ya kupumzika akapiga kelele, "Dijei, hiyo spika mpya umenunua wapi, buda?"

Nikamwambia, "Hiyo ni ya mkopo, nitairudisha saa kumi."

Wakacheka. Nikawa katika hali yangu nzuri kabisa. Ndipo mlango ukafunguka, na mzee wa chai akaingia kinyumenyume, amemshika mtu mkono, anasema, "Pita, bi mkubwa, pita ndani, hapa nje utaumia."

Alikuwa mama.

Baadaye niliambiwa ilivyokuwa. Alikuwa anatoka kwenye mkutano wa chama chao cha akina mama wa kanisa, na sare ya chama hicho ni sweta nyekundu. Unaelewa? Radi imemkuta njiani, katikati ya Kaloleni, ndani ya sweta nyekundu, mwanamke ambaye amewavua watu nyekundu maisha yake yote. Ameivua pale pale kwenye mvua, akaigeuza ndani nje, akaikunja kwapani, akajibanza chini ya paa la kwanza aliloliona. Hakuwa ameangalia ni paa la nani. Mzee wa chai alipomwona anatetemeka, akamvuta ndani. Yeye anajua ni mama yangu. Mama alikuwa hajui ni wapi, mpaka alipoinua macho akaniona juu ya kiti changu, maiki mdomoni, na ukutani nyuma yangu kijana wa radi anakimbia na ngoma ya babu.

Nikaishusha maiki. Mimi. Watu wakaanza kupiga benchi. "Dijei, niaje, umelala?" "Anasema nini huyo?" Nikaokota maneno yoyote nikayatupa. Mama akasogezewa nafasi mwisho wa benchi la nyuma, akakaa kwenye ncha, miguu ameiinua kidogo kutoka sakafuni, sweta ameikalia. Macho ameyaelekeza kwenye magoti yake. Ngurumo inaunguruma, na mwanawe mwenyewe anapayuka ndani ya maiki kana kwamba Mwenyewe haongei. Nilijua hasa anachofikiria, nimelelewa nacho tangu utotoni.

Na filamu inakwenda. Na mimi najua iendako. Lango la mawingu lile, linakuja, dakika mbili zimebaki, na nina watu wote hawa waliojitayarisha kubana pua. Nikafikiria kuzima. Nikafikiria kusema malkia leo ameumwa na koo. Nikaapa nitampa maneno mengine, mazuri, ya Biblia, nikatafuta kichwani aya hata moja. Siku zote nazijua aya hamsini, na zote zilikuwa zimekwenda kujificha.

Malkia akatoka langoni. Akafungua mdomo.

Mwanga uliingia kwa kila tundu la misumari kwenye mabati, na kishindo kikaja pamoja nao, siyo baada yake, pamoja nao. Stima ikaenda. Projekta ikafa, spika zikafa, malkia akafutika na mdomo wake wazi. Chumba kikabaki kijivu, kimya, na maiki yangu ni kipande cha chuma.

Na katika ule ukimya, kwa mazoea tu, watu wangu wakamalizia. Wote kwa pamoja. Puani, kwa sauti ya juu, vizuri, walivyofundishwa:

"Sawa! Enda ukaishi na hao watu wa chini! Wakikupikia, uniite nije nionje!"

Wakaangua kicheko na kupiga makofi. Kisha sauti ikatoka nyuma, karibu na mlango, si kubwa.

"Nani amewafundisha hayo?"

"Dijei!" wakajibu wote kama darasa la kwanza.

Ngurumo ikapita tena juu yetu. Mama akainua kidole kimoja. Sijui walijuaje, maana hakusema neno, lakini chumba kizima kilifunga mdomo. Kondakta alifunga. Watu ambao polisi hawajawahi kuwanyamazisha walikaa wakamngoja Mwenyewe amalize. Mzee wa chai alikuwa akisoma maneno yake kimoyomoyo kando ya mlango. Mimi niko juu ya kiti changu kirefu kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Ngurumo ilizunguka, ikaburuta vyombo vyake hadi upande wa mji, ikaisha.

Mama akateremsha kidole.

"Ni watu wa ukutani," akasema. "Sikusema wa chini."

Watu wakaanza kugeuka, kumwangalia yeye, kuniangalia mimi. Kondakta ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa. Alisimama. "Wee! Shosho, ni wewe? Ni wewe ndiye yule mama?"

"Mimi siongei kwa pua," mama akasema.

Vicheko vile sijawahi kuvipata kwa mdomo wangu, na nakiri hilo mara moja tu. Vilipopungua, yeye alikuwa bado ananiangalia. Sasa alikuwa ameinua macho kabisa.

"Na mwisho nilisema nini?"

"Mama, tuongee nyumbani."

"Nauliza. Mwisho nilisema nini? Hawa wote wanajua, wewe hujui?"

"Ulisema... uniite."

"Uniite. Ulikuja kuniita lini?"

Nilifungua mdomo. Mdomo huu ninaokuambia. Hakukutoka kitu.

"Dijei," kondakta akasema, polepole, kama wakili, "ulimwita lini?"

"Nilidhani umekataa," nikasema. "Ulifunga mlango."

"Mvua ilikuwa inaingia." Alisema hivyo kama mtu anayemweleza mjinga mambo ya kawaida. "Ulitaka niache wazi ugali uloe? Nimekaa miaka yote nangoja mtu aje aniambie, mama, wamepika. Unaniletea unga. Unaniletea sukari. Unaniambia watu walijaa. Watu wakijaa mimi nifanye nini? Niingie kwa watu bila kuitwa, kama kuku? Wewe nilikufundisha uende kwa watu bila kuitwa?"

"Hapana, mama."

"Na ya Buruburu uliniambia nihamie. Mtu anahamia mahali hajawahi kuitwa chai?"

Sasa hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa soko alitikisa kichwa akisema "Kweli kabisa" kwa niaba ya mama wote wa soko. Mvua ilikuwa imepungua, unaweza kusikia maji yakitiririka kutoka paa. Nilishuka kwenye kiti. Ni kiti kirefu, na kukishuka mbele ya watu si kitu ninachokifanya ovyo. Nikapita katikati ya mabenchi, watu wanavuta magoti kunipisha, nikafika mpaka pale alipokuwa ameketi.

"Mama," nikasema, "wamepika."

"Wamepika nini?"

Watu wa ukutani, kwa miaka yote hiyo, hawakuwa wamepika chochote. Mzee wa chai ndiye aliyeniokoa. Alikuwa ameshamimina. Akamletea mama kikombe na mahamri mawili juu ya kipande cha gazeti, akamwinamia kidogo, akasema, "Karibu, bi mkubwa. Nyumba yako."

Chumba kizima kikamwangalia mama yangu akinywa chai. Alichovya hamri. Akalitafuna. Akanywa tena, akaishikilia mdomoni kidogo kabla ya kumeza, na naapa sijawahi kuona filamu iliyowashika watu namna ile.

"Haina tangawizi," akasema.

Mzee wa chai akakubali kwamba haina.

Akanywa yote. Halafu akaniuliza yule kijana mwenye ngoma aliishia wapi, na kwa kuwa stima haikuwa imerudi, nilimmalizia filamu kwa mdomo mtupu, nimesimama, bila maiki, bila ukuta. Nilipofika kwa malkia sikubana pua. Na nilipomwambia kwamba mwisho wake kijana anarudi na lango linafunguliwa, akauliza nani kalifungua. Nikasema ni yule mama. Akasema, "Eeh," akapangusa makombo kwenye sketi yake, akatoka na sweta yake kwapani bila kuniaga, maana mvua ilikuwa imekwisha na alikuwa na kuku wa kufungia.

Jumamosi iliyofuata sikupeleka unga. Nilivaa shati la harusi za watu, nikaenda Kaloleni kwa miguu, nikasimama nje ya ule mlango, nje kabisa, kama mgeni, nikapiga hodi. Mama akafungua. Nikamwambia, "Mama, kesho saa nane wamepika. Nimekuja kukuita uje uonje. Na Jumapili ya baadaye ni Buruburu, chai."

Aliniangalia ile ya kupima kitambaa.

"Nitaona kama nina nafasi," akasema, akafunga mlango.

Saa nane kasorobo kesho yake alikuwa ameshakaa benchi la mbele. Mawingu yalikuwa yanakusanyika, kwa hiyo sweta nyekundu alikuwa ameiacha nyumbani, amevaa ya kijivu. Mkononi alikuwa na tangawizi yake, imefungwa kwenye karatasi, na kabla sijawasha hata projekta alikuwa ameshampa mzee wa chai, na anamwelekeza namna ya kuiponda.